Barua kwa wajumbe wa kamati: upitie zana ya mradi au uandike kama kawaida?

Kila katibu wa kamati anaijua hali hii. Ajenda iko tayari, kikao ni wiki ijayo, na wajumbe 11 wanatakiwa kuipata leo. Kazi za kamati zimeshahamishiwa kwenye zana ya kusimamia miradi, nako kuna kitufe cha kuwaarifu wote kwa mpigo mmoja. Lakini wajumbe watatu hawajaifungua zana hiyo tangu walipopewa nywila, na mmoja hakumbuki hata kama alipewa. Ubonyeze kitufe hicho, au urudi kwenye barua pepe yako na kupanga anwani moja baada ya nyingine kama ulivyozoea?

Nimewahi kuwa katibu kwa njia zote, na msimamo wangu ni huu: safari ya kwenda haina tofauti kubwa, maana kila zana inajua kutuma. Tofauti inaanza pale mjumbe anapobonyeza "Jibu" kwenye simu, akiwa amesimama kwenye foleni, akaandika maneno sita na kuendelea na yake. Maneno hayo sita yanakwenda wapi, nani anayasoma, na mwakani yatakuwa kwa nani? Chagua kwa kuangalia hapo.

Njia zenyewe ni tatu

Watu huzungumza kana kwamba ni mbili. Ya kwanza ni barua pepe ya kawaida: unaweka anwani za wajumbe kwenye sehemu ya mpokeaji, au kwenye nakala fiche (Bcc), unatuma. Ya pili ni anwani ya kikundi, ile ambayo ukiiandikia hiyo moja inasambaza kwa wote: Google Groups, Groups.io, au Mailman kwa wenye seva yao. Ya tatu ni zana ya mradi: Basecamp, Asana, Trello, Redmine na jamaa zao. Huko huandiki barua hasa. Unaandika ujumbe au maoni ndani ya mradi, na zana yenyewe inamtumia kila mhusika arifa kwa barua pepe.

Njia ya pili husahaulika sana. Nitaitetea kidogo huko mbele, kwa sababu nimeona kamati zilizokimbilia zana wakati shida yao yote ilikuwa kukosa anwani moja ya kikundi.

Jibu linakwenda wapi

Kwa barua ya kawaida, mjumbe akibonyeza Jibu, linakuja kwako peke yako. Akibonyeza Jibu Wote, linakwenda kwa kila aliyetajwa. Wengi hubonyeza kilicho karibu na kidole. Basi katibu anageuka posta: mweka hazina amekujibu wewe tu kuhusu bajeti, mwenyekiti hajaona, nawe unasambaza upya. Baada ya siku mbili mjadala mmoja una matawi matatu, kila tawi na watu wake. Waliowekwa kwenye nakala fiche ndio hawaonani kabisa, kwa hiyo nakala fiche inafaa kwa tangazo, haifai kwa mashauriano.

Kwa kikundi, msimamizi ndiye anayeamua. Anaweza kuelekeza majibu yote yaende kwa kikundi kizima, au yamrudie aliyeandika. Akishapanga, ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu, na wajumbe huzoea haraka.

Zana ya mradi ina ujanja wake. Arifa inayomfikia mjumbe hubeba anwani ya kujibia iliyotengenezwa kwa ajili ya mjadala huo, mara nyingi yenye mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Mjumbe akijibu, barua inarudi kwenye seva ya zana. Seva inatambua ni mjadala gani, inakata maneno ya zamani yaliyonukuliwa chini, na kubandika kilichobaki kama maoni yake. Basecamp, Asana na Trello hufanya hivyo. Redmine nayo inaweza, ila mwenye seva lazima kwanza aandae kisanduku cha barua na kuiagiza programu ikichungulie kila baada ya muda. Asipofanya hivyo, arifa zinatoka na majibu hayaingii, na hakuna anayeambiwa.

Uzuri wa mtindo huu ni mkubwa. Mjumbe asiyetaka kuifungua zana hana haja ya kuifungua. Anasoma barua, anajibu barua, na jibu lake linakaa pamoja na ya wenzake kwa mpangilio wa saa. Kwa kamati yenye watu wa rika na mazoea mbalimbali, hilo peke yake lilinitosha kuhamia huko.

Ubaya wake umekaa palepale kwenye uzuri: jibu la faragha halipo. Mjumbe mmoja aliwahi kunijibu akidhani ananiandikia mimi tu, akaeleza kwa kirefu anavyoiona kazi ya mweka hazina. Arifa ilikuwa imemfikia ikiwa na jina langu, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kudhani hivyo. Ndani ya dakika moja maneno yake yalikuwa kwenye vikasha vya wajumbe wote, mweka hazina akiwemo. Niliyafuta kwenye zana, lakini barua zilizokwisha kutoka hazirudi. Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi na kizito. Tangu siku hiyo kila ujumbe wangu wa kwanza kwa mjumbe mpya huanza na mstari mmoja: "Ukijibu barua hii, sote tutasoma. Ukinitaka mimi peke yangu, niandikie kwenye anwani yangu."

Mitego mingine ya jibu ni midogo, ila inauma. Mjumbe amesajiliwa kwa anwani ya kazini, anajibu kwa anwani yake binafsi kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu. Zana haimtambui, na jibu linakataliwa au linapotea kimya. Mwingine yuko likizo na barua yake inajijibu yenyewe. Zana nzuri huitambua barua ya aina hiyo kwa alama iliyomo kwenye vichwa vyake, yaani maelezo yaliyofichika yanayosafiri na barua, na kuitupa, lakini nimewahi kuona "Sipo ofisini hadi Jumatatu" ikiwa imebandikwa katikati ya mjadala wa katiba. Saini ndefu zenye nembo, anuani na onyo la kisheria huingia pia kama sehemu ya maoni.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kusambaza arifa kwa mtu wa nje. Ule mfuatano wa herufi kwenye anwani ya kujibia, katika baadhi ya zana, ndio kitambulisho chenyewe. Rafiki uliyemsambazia akijibu, maneno yake yanaweza kuingia kwenye mjadala kwa jina lako. Ukitaka kumwonyesha mtu wa nje jambo, nakili maandishi uyaweke kwenye barua mpya.

Nani hasa amepata

Hapa barua ya kawaida inaishinda zana, na wauzaji wa zana hawalisemi jambo hili kwa sauti.

Ukiandika anwani 11 na kutuma, umetuma kwa watu 11. Anwani ikiwa imekufa, barua inakurudia na maelezo ya kwa nini. Unampigia mwenzako, unarekebisha, unatuma tena.

Kwenye zana, kuwa mjumbe wa mradi si sawa na kupokea barua. Basecamp inakuuliza umwarifu nani kila unapoandika ujumbe. Ukiacha jina bila alama, mtu huyo hapati kitu. Trello humtumia arifa mtu aliyeunganishwa na kadi, anayeifuatilia, au aliyetajwa kwa jina. Ukiandika maoni kwenye kadi isiyo na mtu, umejiandikia shajara. Asana ina orodha ya washiriki wa kila kazi, na Redmine ina wafuatiliaji. Halafu juu ya hayo yote, kila mjumbe ana mipangilio yake. Anaweza kuwa amezima arifa za barua, au amechagua zimfikie kwa mafungu. Wewe uliyetuma huwezi kujua hayo kwa kuangalia skrini yako.

Anwani iliyokufa ndiyo habari mbaya zaidi. Barua inayogoma hairudi kwako, inarudi kwa mwenye zana. Huduma nyingi za kutuma barua kwa wingi huweka orodha ya anwani zilizogoma na kuacha kuziandikia, ili zisiharibu sifa ya seva zao. Kisanduku cha mjumbe kilijaa mwezi uliopita, barua zikagoma mara kadhaa, anwani ikaingia kwenye orodha hiyo. Leo amekisafisha na anasubiri ajenda ambayo haitakuja.

Kwa mazungumzo ya kila siku, hilo linavumilika. Kwa taarifa ya kikao halivumiliki. Vyama vingi vina katiba inayosema wajumbe wapewe taarifa kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kikao, na uamuzi uliofanyika bila taarifa sahihi unaweza kupingwa. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini mjumbe ambaye hakupewa taarifa ana haki ya kusema lake lipo, na kikao kirudiwe. Kwa hiyo mimi hutuma taarifa ya kikao kwa barua ya kawaida, kutoka anwani ya katibu, hata kama ajenda yenyewe iko kwenye zana. Ni kazi ya dakika tano inayookoa mabishano ya miezi.

Barua ikiangukia kwenye taka

Watoa huduma za barua hukagua kama barua imetoka kweli pale inapodai imetoka, kwa taratibu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti: kila anayewaandikia watumiaji wao anatakiwa awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wanatakiwa wawe na zote tatu.

Zana kubwa zimeshalishughulikia hilo, na arifa zake hutoka kwenye vikoa vyao wenyewe, yaani majina yao ya mtandaoni, zikiwa na uthibitisho huo wote. Ukiweka Redmine kwenye seva yako, mzigo huo ni wako, nao si mwepesi kwa mtu asiye fundi. Kikundi kina historia yake hapa. Aprili 2014 Yahoo waliagiza ulimwengu ukatae barua yoyote inayodai kutoka kwao bila kuthibitishwa, na orodha nyingi za barua zikavurugika, kwa kuwa orodha huipokea barua ya mtu na kuituma upya kutoka seva nyingine. Dawa iliyopatikana ni kuandika upya jina la mtumaji: badala ya anwani ya mwenzako unaona jina lake, kisha anwani ya kikundi. Wajumbe wengine hushtuka wakiona hivyo. Waambie mapema.

Kwa njia yoyote utakayochagua, waombe wajumbe waiweke anwani inayotuma kwenye orodha yao ya majina. Wengi hawatafanya, lakini wale wawili watakaofanya watakupunguzia simu mbili.

Mwaka kesho

Kamati hubadilika. Muhula unaisha, katibu mpya anaingia na kuuliza: tuliamua nini kuhusu lile paa?

Kama mliandikiana kwa barua ya kawaida, jibu liko kwenye kisanduku cha katibu aliyetoka, pengine kwenye anwani ya kazi aliyoacha. Nimewahi kupokea ukatibu kwa namna hiyo: nilipewa bahasha ya karatasi na flashi yenye mafaili yasiyo na tarehe. Ilinichukua robo mwaka kujua ahadi zetu zilikuwa zipi. Hili ndilo lililonifanya niache kuwa na mapenzi na barua za kawaida, licha ya sifa nilizozimwagia hapo juu.

Zana inashinda hapa kwa mbali. Mjumbe mpya anaongezwa kwenye mradi, na mjadala wote wa nyuma uko mbele yake, pamoja na nyaraka zilizoambatishwa. Kikundi nacho kinakaribia: msimamizi akiruhusu, mwanachama mpya anasoma kumbukumbu zote za barua, ingawa kutafuta kitu humo ni kama kufua nguo gizani. Kwa zana, jambo la kuuliza kabla ya kuingia ni namna ya kutoka. Trello hutoa nakala ya ubao kwa muundo wa JSON, ambao kompyuta inaufurahia kuliko binadamu. Basecamp hutoa kurasa za HTML zinazofunguka kwenye kivinjari chochote. Kwenye Redmine hifadhidata ni yako. Toa nakala kila mwisho wa muhula uiweke mahali pengine, maana anayelipia zana akisahau, kumbukumbu za kamati zinabaki mikononi mwa mtu asiyewajua.

Kuondoka nako kuna hesabu yake. Mjumbe akijiuzulu, kwenye zana au kikundi unamtoa mara moja na barua zinakoma. Kwa barua ya kawaida kila mjumbe ana jina lake kwenye simu, na ukianza kuandika herufi mbili za kwanza anwani inajitokeza yenyewe. Nimemwona mjumbe aliyejiuzulu kwa hasira akiendelea kupokea mijadala kumhusu yeye mwenyewe kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyekusudia. Kila mtu alibonyeza Jibu Wote tu.

Viambatisho, na bei

Gmail inaruhusu viambatisho vya hadi MB 25 kwa barua, na faili likizidi hapo haliendi kama kiambatisho. Zana huondoa tatizo hilo kwa kutuma kiungo badala ya faili. Lakini kiungo kinadai kuingia, na kuingia kunadai nywila, na hapo ndipo mjumbe aliye safarini anapokata tamaa. Bandika ajenda yenyewe kama maandishi ndani ya ujumbe. Ripoti ndefu ndizo ziende kwa kiungo.

Kuhusu malipo, zana nyingi hutoza kwa kichwa, na kamati ni vichwa vingi vyenye kazi chache. Trello waliweka kikomo cha watu 10 kwa eneo la kazi la bure mwaka 2024. Kamati ya watu 11 imeshapitiliza kwa mtu mmoja! Redmine ni programu huru isiyolipiwa, ila seva na fundi vinalipiwa. Anwani ya kikundi mara nyingi haigharimu kitu.

Mambo ya siri

Nidhamu ya mjumbe, malipo ya mfanyakazi, kesi iliyoko mahakamani: haya siyaweki kwenye mradi wa kamati nzima, hata kama zana inaruhusu kuficha mjadala mmoja mmoja. Kufichwa kunategemea mtu asikosee alama, na mtu hukosea. Mradi tofauti wenye watu watatu tu ni salama zaidi, kwa sababu aliye nje hayumo kwenye orodha ya kuchagua. Barua ya kawaida si salama kuliko hapo. Nakala fiche ikiwekwa kimakosa kwenye nakala ya wazi, siri imekwisha. Kuna mazungumzo ambayo njia yake ni simu.

Ningechagua hivi

Kamati ya watu watano wanaokutana kila mwezi na kujuana vizuri: barua ya kawaida, kwa sharti moja kwamba katibu atumie anwani ya cheo, siyo yake binafsi, na anwani hiyo ikabidhiwe pamoja na muhuri.

Kamati kubwa inayojadiliana sana lakini haina kazi za kugawana: anwani ya kikundi. Ndiyo kubwa kuliko barua ya kawaida na nyepesi kuliko zana, na hakuna wa kufundishwa.

Kamati yenye kazi zinazofuatiliwa, kama maandalizi ya mkutano mkuu au ujenzi, yenye tarehe za mwisho na mtu wa kuulizwa kwa kila jambo: zana ya mradi, na mazungumzo ya kazi yapitie humo. Taarifa rasmi ya kikao ibaki kwenye barua ya kawaida. Kura nazo zisihesabiwe kwa maoni ya "naunga mkono" yaliyotawanyika kwenye mjadala. Kama katiba inaruhusu kura ya maandishi, weka hoja moja kwenye ujumbe mmoja na saa ya kufunga.

Kabla ya kuhama, fanya jaribio. Weka ujumbe mmoja kwenye zana, waarifu wote, na umwombe kila mjumbe ajibu neno moja kwa simu yake, bila kuifungua zana. Subiri siku mbili, kisha uangalie nini kimefika, kimefika wapi na kwa jina la nani. Sisi tulipofanya hivyo, majibu manane yalikaa vizuri chini ya ujumbe. Mawili yalitoka kwenye anwani ambazo zana haikuzijua, nikazisajili upya. Mjumbe wa mwisho alinipigia simu: "Katibu, nimeiona. Sasa hilo neno moja nibonyeze wapi?"